Boksi la spika ulilounda mwenyewe linakoroma au linavuma? Namna ya kusaka tatizo hatua kwa hatua

Umekata mbao, umepiga gundi, umepaka rangi, umefunga wufa (spika ya besi), umewasha mziki na dakika tano za kwanza ni raha tupu, afu unapandisha sauti kidogo ndo unaanza kusikia kitu. Kuna kimlio ambacho hakipo kwenye wimbo. Mara kama nyuki amenasa ndani ya boksi, mara kama karatasi inakwaruzwa, au besi inakuja noti moja inajaa chumba kizima na zile nyingine hata husikii zimepita wapi. Hapa ndo wengi tunapokosea, mtu anakimbilia kujaza pamba, anaongeza skrubu, anabadilisha wufa, na tatizo liko palepale. Kabla hujagusa msumeno naomba ujue kwanza kelele inakaa wapi, manake ukishajua inakokaa kazi iliyobaki mara nyingi ni ya nusu saa tu.

Anza kwa kujiuliza hii kelele inafuata nini, inafuata ukubwa wa sauti au inafuata noti? Cheza wimbo mmoja unaoujua vizuri kwa sauti ya chini, halafu ya kati, halafu kubwa. Kama chini iko safi kabisa na kubwa inaharibika kwenye kila kitu, besi, ngoma, mpaka maneno ya mwimbaji, hiyo ni kukoroma na mshukiwa wako ni ampu (kikuza sauti), chanzo cha mziki au wufa yenyewe. Kama hata kwa sauti ndogo kuna noti fulani kila ikipita boksi linaitikia kwa nguvu kuliko noti nyingine, hiyo ni kuvuma, mshukiwa ni mbao, hewa ya ndani ya boksi, tundu la besi (lile lenye bomba la kupitisha hewa ya boksi) au chumba chako. Halafu ipo ya tatu inayotaka vyote viwili, haitokei mpaka noti ifike na sauti ifike, hiyo mara nyingi ni kitu kimelegea mahali kinagonga. Usiendelee mpaka umejua yako ni ipi kati ya hizo tatu.

Vitu vya kuwa navyo

Simu yenye app ya kutoa toni (zipo nyingi za bure, unaandika frikwensi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde au Hz, inatoa mlio), mita ya kupima volti na omu, betri ya tochi ya volti 1.5, bisibisi, tochi, masking tepu, na daftari. Daftari ni muhimu kweli, utaandika frikwensi ambayo kelele inatokea, ndo ramani yako yote.

Angalizo moja kuhusu toni. Mziki unapanda na kushuka, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni, ile sehemu ya spika inayocheza) inapata nafasi ya kupoa, ila toni inasukuma nguvu ileile bila kupumzika na koili inachemka haraka sana. Cheza kwa sauti ya wastani, sekunde chache, pumzisha, na wakati unapima besi chomoa kabisa waya wa twita (spika ndogo ya milio ya juu).

Hatua ya 1: Toa lawama kwenye ampu na chanzo kwanza

Weka ekwalaiza ya simu na ya ampu sawa, kila kitu sifuri, zima besi busti, zima laudinesi. Sauti ya simu isifike mwisho kabisa, iache pungufu kidogo halafu ongezea kwenye ampu. Cheza tena. Kama kukoroma kumeisha basi boksi lako halikuwa na kosa.

Sababu ni hii. Ukipandisha besi kwa desibeli 3 unaiomba ampu itoe nguvu mara mbili, ukipandisha desibeli 6 ni mara nne, desibeli 10 ni mara kumi. Kwa hiyo ampu iliyokuwa inatoa wati 20 kwa raha zake, ukasogeza kitelezi cha besi mpaka 6, sasa inatakiwa itoe wati 80, kama uwezo wake ni 50 inakata vichwa vya mawimbi, na wimbi lililokatwa kichwa linazaa milio ya juu ambayo haikuwepo kwenye wimbo na sehemu yake inakwenda kwenye twita. Ndo maana ampu ndogo iliyobanwa inaunguza twita. Na wufa nayo inaumia kwa njia yake, kwa sauti ileile ukishuka frikwensi nusu, tuseme kutoka 80 Hz kwenda 40, koni inatakiwa kucheza mbali mara nne. Wufa ndogo haina hiyo nafasi, inafika mwisho na unasikia "tak tak".

Kama unataka kukadiria ampu inatoa nini, cheza toni ya 50 Hz, mita weka AC, pima kwenye nyaya za spika, zidisha volti kwa volti ugawe kwa omu za spika. Volti 20 kwenye spika ya omu 8 ni wati 50, volti 14 ni kama wati 25. Hapo unaona mwenyewe uko wapi na lebo ya wufa inasema ngapi.

Angalia na mzigo. Wufa mbili za omu 8 ukizifunga sambamba zinakuwa 4, nne zinakuwa 2, na kama ampu yako imeandikwa mwisho omu 4 itakoroma, itachemka na itajizima. Pima kwa mita ya omu nyaya zikiwa zimechomolewa kwenye ampu, spika ya omu 8 itasoma kama 5.5 mpaka 7, ya omu 4 itasoma 3 na kitu, hiyo ni kawaida usishtuke. Ila kama namba inarukaruka ukibonyeza koni taratibu, kuna waya unaokatika ndani au solda mbovu, umeshampata mchawi wako.

Halafu fanya kipimo kinachochukua dakika moja ambacho watu wanakidharau: badilishana nyaya za kushoto na kulia kule kwenye maboksi. Kelele ikihamia boksi lingine shida iko ampu au kwenye nyaya, ikibaki kwenye boksi lilelile twende mbele.

Hatua ya 2: Wufa nje ya boksi

Fungua wufa, itoe, ilaze juu ya kitu laini sumaku ikiwa chini, nyaya zikiwa zimechomolewa. Weka vidole gumba viwili pande mbili za koni, karibu na katikati, sukuma chini polepole na kwa usawa. Isikilize kwa karibu kabisa. Inatakiwa iende na kurudi kimya kama mto. Ukisikia au ukihisi mkwaruzo, koili inagusa sumaku. Ukisukuma upande mmoja tu lazima itakwaruza, hiyo usiihesabu.

Sasa ikague kwa tochi. Zungusha kucha kwenye raba ya ukingo uone kama gundi imeachia mahali, bonyeza kofia ya katikati uone kama imeshika, chungulia nyuma ile spaida, kitambaa chenye mikunjo, kama imebanduka kwenye fremu. Halafu angalia zile nyaya laini za kusuka zinazotoka kwenye tamino (pale nyaya za spika zinapoungwa) kwenda kwenye koni. Hizi ndo zinazosumbua watu sana, zikiwa ndefu kupita kiasi zinapiga koni kila ikirudi, zinatoa mlio kama wa nyuki, na mtu anabomoa boksi zima kumbe ni waya wa sentimita sita. Zikunje kidogo zikae mbali na koni na spaida, basi.

Iunganishe sasa na ampu, ikiwa hewani hivohivo, cheza toni kutoka 20 Hz kupanda mpaka 300 kwa sauti ndogo. Ndogo kweli, manake bila boksi hakuna hewa ya kuizuia na koni itaruka sana. Ikikwaruza hapa, wufa ni mgonjwa. Ikiwa safi, boksi ndo lina neno, ila kuna mtego mmoja ambao ulinichukua siku mbili nzima na nataka ukuepuke.

Nilikuwa na wufa ya inchi 12, fremu yake ya bati la kukunjwa. Nje ya boksi safi, kimya, nikiisukuma kwa vidole hakuna kitu. Nikiifunga kwenye boksi inakwaruza. Nikaamini kabisa ni boksi, nikaongeza mihimili, nikabadilisha pamba, hakuna kilichobadilika. Siku ya pili nikiwa nafungua skrubu, mziki ukiwa unacheza chini chini, ile skrubu ya nne ilipolegea tu mkwaruzo ukakata, papo hapo. Nikakaza, ukarudi. Nikalegeza, ukaondoka. Kuja kuangalia, pale kwenye ukingo wa tundu kulikuwa na donge la gundi lililokauka, dogo kama punje ya mchele, na nilikuwa nimekaza skrubu kwa nguvu zangu zote, fremu ikajipinda juu ya lile donge na koili ikatoka katikati yake. Kwa hiyo kabla hujalaumu mbao, mziki ukiwa chini, legeza skrubu moja moja robo mzunguko usikilize. Dawa yake ni kusawazisha ukingo kwa msasa, kubandika tepu ya sponji kuzunguka tundu, na kukaza skrubu kwa mtindo wa msalaba kama unavyokaza nati za tairi, kidogo kidogo, sponji ikishabanwa inatosha usiendelee.

Kama koili inakwaruza hata nje na wufa ni nzito ya zamani iliyokaa miaka imesimama vilevile, jaribu kuizungusha ifungwe juu chini. Spaida inakuwa imelegea kwa uzito, ukiigeuza inajirudi. Na kama ni unga wa chuma umeingia, inategemea umeingia wapi, ukiwa juu juu unautoa kwa masking tepu. Ndo maana tusitoboe chuma wala kusaga kitu karibu na wufa, sumaku inavuta kila punje.

Hatua ya 3: Toni na viganja vya mikono

Rudisha wufa kwenye boksi. Cheza toni kuanzia 30 Hz, panda polepole, Hz mbili tatu kwa wakati, mpaka 400. Sauti ya kawaida ya kusikilizia. Huku unapanda, tembeza viganja kwenye kila ubao, juu, nyuma, pembeni, mbele. Ukifika pahala kelele inatokea simama hapo, andika frikwensi, sasa anza kubonyeza kitu kimoja kimoja. Bonyeza ubao wa nyuma kwa nguvu, kelele imekufa? Ni huo. Shika tamino ya nyuma, shika mpini wa kubebea, toa grili, bana waya, bonyeza ukingo wa bomba la tundu. Kitu kitakachonyamaza ukikishika ndicho.

Wezi wakubwa wa hapa ni grili, mipini, kofia za kona, bodi ya krosova (inayogawa milio ya juu na ya chini) ambayo haikufungwa vizuri, na nyaya za ndani zinazogusa ukuta au nyuma ya koni. Nyaya za ndani zibane kwa klipu au uzipitishe ndani ya sponji. Krosova ifunge kwenye sponji nyembamba na skrubu, na zile koili zake nzito ongezea gundi na kamba ya plastiki, koili inayotikisika inalia yenyewe. Angalia na vitu vya chumbani usije ukamwonea boksi, kioo cha dirisha, kabati la vyombo, picha ukutani, vyote vinajua kuimba 50 Hz.

Hatua ya 4: Hewa inayovuja

Boksi likivuja hewa unasikia "fsss" au kafirimbi kwenye kila pigo la besi, na besi yenyewe inakuwa dhaifu. Kwa boksi lililozibwa kote kuna kipimo rahisi, sukuma koni ndani taratibu halafu iachie, inatakiwa irudi kwa uvivu kama inapumua. Ikirudi kwa haraka kama ilivyokuwa hewani, kuna mvujo mkubwa. Kwa boksi lenye tundu la besi ziba tundu kwa kitambaa kizito kwanza halafu fanya hivohivo.

Kutafuta penyewe, cheza toni ya 30 au 40 Hz, lowesha mkono, tembeza kwenye kona zote, kwenye maungio, kuzunguka wufa, kuzunguka tamino. Ngozi iliyolowa inahisi kaupepo ambako jicho halioni. Au tumia kipande chembamba cha tishu, kitapepea. Kikombe cha tamino cha plastiki ndo kinavuja kuliko vyote, hasa pale waya zinapopita, na watu wengi hawana habari nacho. Ziba maungio kwa ndani, paka gundi ya mbao au silikoni uburute kidole kwenye kona zote. Kama silikoni yako ni ile yenye harufu kali ya siki, iache siku nzima ikauke boksi likiwa wazi kabla hujarudisha wufa, ile mvuke yake si rafiki wa koili na gundi za spika.

Hatua ya 5: Mbao zinazoimba

Gonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, katikati na karibu na kona. Kona itatoa "tok" fupi iliyokufa. Katikati ikitoa "duuum" inayobaki hewani, huo ubao unapiga mziki wake mwenyewe juu ya mziki wako. Sauti ya mwanaume inakuwa kama anaongelea ndani ya pipa, hiyo ndo dalili.

Dawa ya kwanza ambayo kila mtu anaiwaza ni ubao mnene, na ni kweli, ugumu unapanda kwa unene mara unene mara unene, kwa hiyo plaiwudi ya mm 18 ina ugumu zaidi ya mara tatu ya ile ya mm 12. Ila kama boksi limeshaundwa hubadilishi mbao, unaweka mihimili ya ndani, na hapa mhimili mmoja uliowekwa vizuri unashinda kilo tano za mbao nene. Unganisha ubao na ubao unaotazamana nao, kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa kipande cha mbao kinachobana kati yao na gundi pande zote. Usikiweke katikati kabisa. Ukigawa ubao nusu kwa nusu unapata vipande viwili vinavyoimba noti ileile, kigawe visilingane, tuseme sentimita 35 na 25 kwenye ubao wa 60, kila kipande kitataka noti yake na vyote vinakosa nguvu. Kwa boksi kubwa la sabufa mhimili mzuri zaidi ni ule wa dirisha, ubao mzima unaozunguka kuta zote nne za ndani uliotobolewa matundu makubwa hewa ipite.

Ubao wa mbele ndo usiusahau, umekatwa tundu kubwa ndo dhaifu kuliko wote na ndo unaobeba uzito wa wufa. Weka vipande vya mbao karibu na tundu. Ila angalia sumaku, kama nyuma ya sumaku kuna katundu ka kupumulia usiweke mhimili wala pamba mbele yake, katapiga filimbi.

Mihimili inapandisha mlio wa ubao kwenda juu. Kinachoua huo mlio ukishapanda ni kitu kizito na kilegevu kilichobandikwa ndani, lami ya kubandika, zile shiti za kuzuia kelele za gari, hata raba nene yenye gundi ya kueneza. Bandika katikati ya kila kipande cha ubao, si lazima ufunike kote. Gonga tena kwa kidole, ukisikia "tok" hapo umemaliza.

Hatua ya 6: Hewa ya ndani inaporudi rudi

Huu mvumo hauuhisi kwa kiganja, mbao zimetulia lakini sauti bado ina ule ubomba-bomba. Ni wimbi linagonga kati ya kuta mbili zinazotazamana. Frikwensi yake unaipata kwa kugawa 344, ambayo ni mwendo wa sauti hewani kwa mita kwa sekunde, kwa mara mbili ya umbali wa ndani. Urefu wa ndani ukiwa sentimita 60, 344 gawa kwa 1.2 unapata kama 287 Hz. Upana wa sentimita 30 ni kama 573 Hz. Linganisha na daftari lako. Kama namba inakaribiana umelipata jibu bila kufungua kitu. Na hapa unaona kwa nini boksi la mraba kila upande ni baya, pande zote tatu zinaimba noti moja.

Pamba ndo dawa, polista ya mito au sufu ya kioo iliyovishwa kitambaa, ila sio ile ya sentimita moja uliyobandika ukutani. Hewa inayogusa ukuta haisogei, ina presha tu, na pamba inafanya kazi pale hewa inaposogea, ambapo kwa wimbi hili ni katikati ya boksi. Kwa hiyo pamba iwe nene, sentimita 5 na zaidi, na kwa boksi lililozibwa jaza kabisa mpaka katikati, ila kwa ulegevu, isishindiliwe. Kwa boksi lenye tundu funika kuta, juu na nyuma, acha njia wazi kati ya wufa na tundu. Pamba isiguse koni. Nyuzi zikiingia nyuma ya spaida umejitengenezea mkwaruzo mwingine.

Hatua ya 7: Besi ya noti moja

Hili ni la vipimo, na ni tatizo linalouma kwa sababu boksi linaweza kuwa zuri, gumu, halivuji, na bado linabwata "buu buu". Mwaka 1961 Neville Thiele kule Australia alionyesha namna ya kukokotoa boksi kutokana na tabia za wufa, na miaka ya 1970 Richard Small akaipanua, ndo maana karatasi ya wufa ina namba za Fs (mlio wa asili wa wufa ikiwa hewani), Qts (kipimo cha jinsi wufa inavyojizuia kutikisika) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa wufa). Kwa boksi lililozibwa gawa Vas kwa lita za boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa Qts. Lengo ni karibu na 0.7. Chukua wufa yenye Qts 0.5 na Vas lita 60. Kwenye boksi la lita 60 unapata 0.707, besi iliyotulia. Iweke hiyohiyo kwenye lita 20 unapata 1.0, na mlio wake wa asili, kama hewani ulikuwa 35 Hz, kwenye lita 60 ni kama 50 na kwenye lita 20 umepanda mpaka 70. Hapo ndo buu buu inapozaliwa, boksi dogo mno. Pamba ya kujaza inasaidia kidogo, inalifanya boksi lijione kubwa, ila kama umekosea sana hakuna njia ila kuongeza ukubwa.

Na wengi wanakosea kwa sababu wanapima nje. Boksi la nje sentimita 40 kwa 40 kwa 60 ukipiga hesabu ni lita 96, lakini kwa mbao za mm 18 ndani ni 36.4 kwa 36.4 kwa 56.4, lita 74.7 tu. Lita 21 zimeliwa na mbao, bado hujatoa sumaku, mihimili na bomba.

Kwa boksi lenye tundu kuna frikwensi ambayo tundu ndo linapiga kazi. Itafute kwa macho, cheza toni ya 80 Hz ushuke polepole huku unatazama koni kwa karibu. Inacheza, inacheza, halafu kuna mahali inatulia karibu isimame kabisa na upepo unatoka kwa nguvu kwenye tundu. Hapo ndo boksi lako limetuniwa. Ukishuka chini zaidi koni inaanza kuruka ovyo manake hewa ya ndani haiizuii tena, na kukoroma kwingi kwa sabufa za nyumbani kunatokea hapa, chini ya tundu. Dawa ni kuwasha kichujio cha kukata milio ya chini kama ampu inacho, ukiweke karibu na frikwensi ya tundu au chini kidogo.

Kubadilisha tuni ni urefu wa bomba. Boksi la lita 50 lenye bomba la sentimita 10 kwa upana na 15 kwa urefu linakaa karibu na 46 Hz, likatwe libaki sentimita 5 linapanda kama 62. Ukirefusha tuni inashuka, ukikata inapanda. Anza na bomba refu zaidi ya unavyohitaji, kukata ni rahisi.

Tundu likipiga "chuf chuf" ni jembamba. Upepo ukizidi kama mita 17 kwa sekunde unaanza kusikika. Bomba la sentimita 5 kwenye wufa ya inchi 12 halitoshi, bomba moja la 10 lina nafasi sawa na manne ya 5. Kumbuka tu ukiongeza upana lazima na urefu uongezeke kubaki kwenye tuni ileile, ukizidisha eneo mara mbili urefu nao unazidi mara mbili. Lainisha midomo yote miwili iwe ya mviringo, na mdomo wa ndani uwe mbali na ukuta angalau upana wa bomba lenyewe.

Hatua ya 8: Kama kuna midi na twita

Midi (spika ya milio ya kati) yenye mgongo wazi ukiiweka chumba kimoja na wufa ndani ya boksi, presha ya wufa inaisukuma koni ya midi kutoka nyuma. Kila besi ikipiga sauti ya mwimbaji inatetemeka. Ukitaka kuona, chomoa nyaya za midi, cheza besi, itazame. Ikicheza bila umeme, itengenezee kiboksi chake kidogo kilichozibwa, hata kipande cha bomba kubwa la plastiki kilichofunikwa nyuma na kujazwa pamba kinatosha.

Twita inayokoroma mara nyingi inaletewa milio ya chini mno. Kapasita ya mikrofaradi 4.7 kwa twita ya omu 8 inakata karibu na 4200 Hz, na tena kwa upole, 2.2 inakata karibu na 9000. Kama ulitumia kubwa zaidi jaribu ndogo. Na iwe kapasita isiyo na upande, ile yenye alama ya kutoa ya paua sapulai haifai hapa kabisa. Kwa wufa mbili hakikisha zinakwenda upande mmoja, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya, koni zote zitoke nje. Moja ikiingia ndani besi inajifuta. Twita usiiguse na betri.

Hatua ya 9: Chumba

Ukishapita yote na bado kuna noti moja inayojaa, beba boksi litoke nje uwanjani ucheze toni zilezile. Kama ile noti imetulia, ilikuwa chumba. Kuta zinafanya vilevile kama ndani ya boksi, chumba cha mita 4 kinavuma karibu na 43 Hz. Lirudishe ndani ukilitoa kwenye kona kwanza, kona inapandisha besi kuliko mahali pengine popote, halafu lisogeze nusu mita nusu mita kutoka ukutani, kila ukisogeza cheza toni iliyoandikwa kwenye daftari ukiwa umekaa pale unapokaaga kusikiliza. Weka raba chini ya boksi kama sakafu ni ya mbao. Na kiti chako chenyewe kama kimegusa ukuta wa nyuma kisogeze mbele, pale ukutani ndo besi inarundikana.